Golikipa wa benchi anaweza kuwa kocha mkuu? Jibu kupitia safari ya Nuno Espírito Santo

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 31, ni golikipa wa timu ya Championship hapa Tanzania, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Huu ni msimu wa tatu nakaa benchi, uliopita nilicheza mechi nne tu. Goti la kulia limeanza kunisumbua. Nataka kusomea ukocha, lakini kila ninayemwambia ananijibu kwamba kipa mwisho wake ni kocha wa makipa, timu nzima hawezi kukabidhiwa. Mimi nampenda sana kocha Mreno Nuno Espírito Santo, nilifuatilia Wolves yake na baadaye Nottingham Forest yake, kule England. Naomba uniambie ukweli: alifika pale kwa sababu alikuwa kipa, au ni bahati ya mtu mmoja? Na je, niache kucheza sasa nikasome, au nisubiri?"

Marahaba, mdogo wangu. Umemtanguliza Nuno, lakini nyuma yake nasikia jambo jingine: unaogopa kwamba misimu mitatu ya benchi imekwenda bure, na kwamba siku ukivua glavu utabaki mikono mitupu. Nitakujibu yote mawili. Naanza na Nuno, kwa sababu wengi wanaomtaja hawajui alikuwa mchezaji wa namna gani.

Wanaomwona kwenye mstari, na ndevu zake na ule utulivu wake, hudhani alikuwa kipa mkubwa wa Ureno. Hakuwa. Sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira alikaa pale unapokaa wewe. Alizaliwa São Tomé mwaka 1974, kisiwa kikiwa bado chini ya Wareno, akaanza kuonekana akiwa na Vitória de Guimarães. Alipohamia Deportivo La Coruña ya Hispania akamkuta langoni Jacques Songo'o, Mkameruni, kipa ambaye hakuwa rahisi kumtoa. Wakampeleka kwa mkopo Mérida, kisha Osasuna. Mwaka 2002 akaenda Porto, akamkuta Vítor Baía, kipa namba moja wa klabu. Na wewe kipa mwenzangu unajua kumkuta Baía Porto maana yake nini.

Porto ile ya kocha José Mourinho ilichukua Kombe la UEFA mwaka 2003 na Ligi ya Mabingwa mwaka 2004. Fainali zote mbili alidaka Baía. Nuno medali anazo, lakini alizipata akiwa benchi. Baadaye akaenda Dynamo Moscow, akapita Aves, akarudi Porto mwaka 2007, na safari hiyo mbele yake akawa Helton wa Brazil. Timu ya taifa ilimwita Euro 2008 baada ya kipa Quim kuumia. Alikwenda, akafanya mazoezi na wenzake, akarudi nyumbani. Hajawahi kuichezea Ureno hata mechi moja.

Nimekuhesabia haya yote kwa kusudi. Anayekwambia "Nuno alikuwa nyota, wewe si nyota" hajui anachosema. Kati yako na Nuno tofauti zipo, na nitazitaja bila kukuficha, lakini hiyo si mojawapo.

Kuna usiku mmoja ningependa uujue. Desemba 12, 2004, Yokohama, Japan, Porto wanacheza na Once Caldas ya Kolombia kugombea Kombe la Mabara, bingwa wa Ulaya dhidi ya bingwa wa Amerika Kusini. Bao halipatikani. Mechi inakaribia kwisha, Baía anajisikia vibaya, ni moyo, anatolewa nje. Nuno anavua koti, anavaa glavu, anaingia. Hana mechi miguuni, mwili umepoa, na mbele yake kuna dakika za nyongeza halafu mikwaju ya penalti. Porto walishinda 8-7 kwenye mikwaju. Wewe unajua kuingia namna ile kukoje: mpira wa kwanza unauona mzito, sauti ya uwanja imebadilika, na mabeki wanakugeukia kukutazama machoni wajue kama umo au haumo. Mtu hawezi kusimama pale kama saa nzima kabla hakuwa ndani ya mechi kwa akili yake.

Hapo ndipo ilipo siri ya benchi, na hapo pia ndipo wengi tunapokosea. Watu husema benchi ni shule. Si kweli hivyo hivyo tu. Mimi nilikaa benchi misimu miwili katika timu moja ya Tanga, na kazi niliyoifanya dakika zote tisini ilikuwa kumtazama kipa mwenzangu nikingoja akosee. Nilijua kila mpira aliotema. Ungeniuliza beki wetu wa kushoto alikuwa anasimama wapi mpira ukiwa upande wa kulia, nisingekuwa na jibu. Misimu miwili ile niliipoteza mwenyewe, hakuna aliyeniibia. Kwa hiyo kabla hujaniuliza kama miaka yako mitatu imekwenda bure, nakuuliza mimi: ulikuwa unatazama nini?

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe, ukipa unampa nini kocha.

Kiungo anapocheza, dunia yake ni duara. Mpira unakuja, mtu yuko mgongoni, ageuke wapi. Anaona nusu ya uwanja kwa wakati mmoja, na nusu nyingine anaikisia. Winga yeye anacheza na mstari wa pembeni. Kipa ndiye mchezaji pekee mwenye wenzake wote kumi mbele yake, na wapinzani wote kumi na mmoja pia. Hana haja ya kugeuza shingo. Anachokiona muda wote ni nafasi: nafasi kati ya beki wa kati na beki wa pembeni, kati ya mabeki na viungo, na ile nafasi ya nyuma ya mabeki ambayo ni mzigo wake peke yake. Kazi ya kudaka ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Kazi kubwa ni kusema kabla. "Ingia ndani!" "Mtu nyuma yako!" "Panda!" Kipa anayezungumza vizuri anamaliza mechi jezi haijachafuka, na mtu wa jukwaani anasema leo kipa hakuwa na kazi.

Kocha naye kazi yake ndiyo hiyo hiyo. Anasimama pembeni, hagusi mpira, anaona wote, na silaha yake ni kuona hatari mapema na kuisema kwa maneno machache. Mchezaji wa ndani akistaafu inabidi ajifunze upya kuutazama uwanja kutoka nje. Kipa ameshautazama hivyo tangu akiwa na miaka kumi na mbili.

Ukiziangalia timu za Nuno, jicho la kipa liko ndani yake. Chukua Forest ya msimu wa 2024/25. Ilikuwa miongoni mwa timu zilizokaa na mpira muda mfupi zaidi kwenye Ligi Kuu ya England, na bado ikamaliza ya saba kwa pointi 65, ikarudi mashindano ya Ulaya kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 1995/96. Kocha aliyekuwa kiungo huumia akiuona mpira kwa adui. Kipa haumii. Kipa anajua mpira ulioko mita arobaini, wapinzani wakipasiana kwa mapana, haujamdhuru mtu. Kinachomtisha ni mpira uliopigwa nyuma ya mabeki wakati wao wanarudi mbio na nyuso zao zimeelekea lango lao, na ule unaorudishwa kutoka mstari wa mwisho kuja katikati ya kumi na nane. Basi Nuno anazifunga nafasi hizo kwanza. Mabeki wa kati, Milenković na Murillo, wanabaki karibu na boksi lao, krosi zije, wao ndio wa kuzitoa. Viungo hawaachani nao mbali. Mpira ukinaswa, mbele kuna uwanja mtupu wa kukimbilia, na straika Chris Wood akafunga mabao 20 ya ligi msimu ule. Kipa wao Matz Sels alimaliza mechi 13 bila kuruhusu bao, akagawana Glavu ya Dhahabu, tuzo ya kipa mwenye mechi nyingi zaidi bila kufungwa, na David Raya wa Arsenal.

Kabla ya hapo, Saudi Arabia, Al-Ittihad yake ya 2022/23 ilichukua ubingwa wa ligi ambao klabu haikuwa imeuona tangu 2009. Mechi 30, mabao waliyofungwa 13. Na kabla ya hapo Wolves, aliyoipandisha daraja mwaka 2018 kwa pointi 99, kisha akaimaliza ya saba Ligi Kuu misimu miwili mfululizo.

Lakini usiharakishe kusema "basi kipa akiwa kocha timu yake inakaa nyuma". Mtazame Julen Lopetegui. Naye alikuwa golikipa, Mhispania, naye amewahi kukaa benchi klabu kubwa. Timu zake zinataka mpira, zinapanda juu, zinasukuma. Agosti 2020 wawili hawa walikutana robo fainali ya Ligi ya Europa, mjini Duisburg, Ujerumani, uwanja hauna watu kwa sababu ya korona. Wolves ya Nuno, Sevilla ya Lopetegui. Mapema kabisa Raúl Jiménez akapiga penalti, Yassine Bounou wa Morocco akaiokoa. Kuanzia hapo Sevilla walikaa na mpira karibu usiku mzima, Wolves wakafunga milango, hadi dakika ya 88 Lucas Ocampos akapiga kichwa. 1-0. Sevilla wakaenda kuchukua kombe. Makipa wawili wa zamani, na timu mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ukipa ulikuwa umewapa macho tu, na kila mmoja akachagua mwenyewe ayatumie vipi.

Wako wengine, ili usidhani nimekuokotea mmoja. Dino Zoff aliipa Juventus Kombe la UEFA mwaka 1990, akaifikisha Italia fainali ya Euro 2000. Raymond Goethals, Mbelgiji aliyekuwa kipa, ndiye aliyekuwa kocha wa Marseille ilipochukua ubingwa wa Ulaya mwaka 1993. Rogério Ceni wa São Paulo aliipa Flamengo ubingwa wa Brazil wa msimu wa 2020. Ni wachache ukilinganisha na viungo waliokuwa makocha, hilo ni kweli. Ila kumbuka kila timu ina kipa mmoja uwanjani na wenzake kumi. Hata kama mambo yangekuwa sawa kabisa, makocha waliokuwa makipa wangekuwa wachache.

Na huko Ureno kwenyewe hii si habari ya jana. Yule Mourinho aliyemweka Nuno benchi ni mtoto wa golikipa. Baba yake, Félix Mourinho, alidakia Vitória de Setúbal na Belenenses, kisha akawa kocha. Mwaka 1984 aliifikisha Rio Ave, klabu ndogo ya Vila do Conde, fainali ya Kombe la Ureno, wakafungwa na Porto. Miaka 30 ikapita. Mwaka 2014 Rio Ave ikacheza tena fainali hiyo, na kocha wake alikuwa golikipa mwingine: Nuno. Wakafungwa na Benfica 1-0. Jambo hili hunigusa kila nikilikumbuka. Klabu ile ile ya pwani, makipa wawili, fainali mbili.

Sasa upande mchungu, maana umeniomba ukweli.

Kipa anayekuwa kocha ana pengo, na pengo hilo liko kwenye kushambulia. Wewe hujawahi kupokea mpira ukiwa umelipa mgongo lango, beki anakupumulia shingoni, na una nusu sekunde ya kuamua. Shambulizi unalijua kama mtu anayeshambuliwa. Unajua kinachomsumbua kipa, jambo ambalo lina faida, lakini hujui kwa mwili wako mguu wa straika unaomba pasi ya namna gani. Nuno liliwahi kumpata hadharani. Alipopewa Tottenham mwaka 2021 alianza kwa ushindi wa 1-0 mara tatu mfululizo, wa kwanza dhidi ya Manchester City, akawa kocha bora wa Agosti. Halafu timu ikakauka. Mechi kumi za ligi, mabao tisa tu ya kufunga, na baada ya kufungwa 3-0 nyumbani na Manchester United akaondolewa Novemba mosi. Sisemi sababu ilikuwa ukipa wake peke yake, klabu ile ilikuwa na mambo yake. Nasema timu ikihitaji kufungua mlango uliofungwa, hapo ndipo kocha aliyekuwa kipa anapaswa kuwa ameshajifunza kile ambacho hakukipata uwanjani.

Nuno pengo hilo alilijua mapema, kwa sababu tazama alivyojizungusha na watu. Akiwa bado mchezaji wa Porto alikwenda kusomea leseni Uskochi, kwenye kituo cha Largs. Huko akakutana na kijana aitwaye Ian Cathro, ambaye hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa mazoezi ya mpira. Alipopata kazi yake ya kwanza ya ukocha mkuu, Rio Ave mwaka 2012, akamchukua Cathro awe msaidizi wake, na wakafanya kazi pamoja katika klabu kadhaa. Mtu mzima mwenye medali ya Ligi ya Mabingwa kukubali kufundishwa jambo na kijana ambaye hajacheza, hiyo ni tabia ninayokuombea uwe nayo kuliko leseni yoyote.

Soma tena maneno haya: akiwa bado mchezaji. Hapo jibu la swali lako la mwisho limeshaanza. Nuno hakuacha kwanza ndipo akasome.

Kuna lingine la benchi ambalo halionekani kwenye takwimu. Alipotundika glavu mwaka 2010, nani alimpa kazi? Jesualdo Ferreira, kocha aliyekuwa akimweka benchi Porto. Alimchukua Málaga awe kocha wa makipa, kisha akaenda naye Panathinaikos ya Ugiriki. Mtu uliyemweka benchi miaka mitatu unamjua vizuri sana. Unajua kama alinuna, kama aligawa chumba cha kubadilishia nguo, kama alimtakia mwenzake mabaya. Jesualdo alimwona kila siku, na bado akamtaka. Kwa hiyo kocha wako wa sasa, hata kama unaona anakuonea, anaandika barua yako ya kazi bila wewe kujua. Mheshimu hilo.

Na bahati? Ipo, nisikudanganye. Nuno ndiye mteja wa kwanza wa Jorge Mendes, yule wakala wa Ureno aliyekuja kuwa mkubwa duniani. Uhamisho wa kwenda Deportivo ndio uliomfungulia Mendes njia. Miaka baadaye, Nuno alipopata Valencia na Wolves, klabu zote mbili zilikuwa na wamiliki walio karibu na Mendes. Wewe huna Mendes, na mimi sina wa kukupa. Ila mlango ukifunguliwa na rafiki, bado inabidi utembee mwenyewe ndani. Valencia ilimaliza ya nne kwa pointi 77 mwaka wake wa kwanza, na miezi michache baadaye, Novemba 2015, akawa ameshaondoka. Akarudi Porto kama kocha, akamaliza wa pili bila kombe, akaondoka. Forest iliachana naye Septemba 2025 wiki chache tu baada ya msimu kuanza, na mwezi huo huo West Ham wakamchukua. Ukocha ndivyo ulivyo hata kwa waliofanikiwa: leo una kazi, kesho unafungasha. Kama mkeo na watoto wanategemea mshahara wako, hilo liwekeni mezani kabla ya kuanza.

Basi nikueleze ninavyoona kwako.

Kuacha kucheza sasa hivi ili "ukasome" sikushauri, ukiondoa habari ya goti ambayo naijia. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinapatikana kwa hatua, D, C, B, A na kuendelea, na hapa nchini kozi zinasimamiwa na TFF, shirikisho letu la soka. Hazifanyiki kila wiki, na kati ya hatua moja na nyingine unatakiwa uwe unafundisha watu kweli. Ukiacha kucheza leo, kuna uwezekano mkubwa utakaa nyumbani miezi ukingoja kozi, huku umepoteza mshahara na, kibaya zaidi, umepoteza kiti kizuri cha kutazamia mechi. Anza na ngazi ya chini ukiwa bado kazini. Omba kocha wako akuruhusu kusimamia timu ya vijana ya klabu, au kama haipo, watoto wa mtaani kwako. Fundisha timu nzima, usiwafundishe makipa peke yao.

Na hapa nakupa tahadhari juu ya ile njia ambayo watu wanakuambia ndiyo mwisho wako. Kuwa kocha wa makipa ni kazi ya heshima, mimi ndiyo inayonilisha, na Nuno naye alipita hapo. Alivyokuwa Rio Ave alikuwa na Jan Oblak kwa mkopo kutoka Benfica, na alikuwa na Ederson. Wote wawili! Mtu asiyejua ukipa asingewakuza vile. Lakini kazi hiyo ina mtego. Unapewa makipa watatu, begi la mipira na kona moja ya uwanja, na wakati kocha mkuu anapanga timu wewe umewapa mgongo ukipiga krosi. Miaka kumi inapita hivyo. Nuno alikaa miaka miwili tu akatoka. Ukiingia mlango huo, tangu siku ya kwanza omba kipande cha timu kiwe chako: jinsi ya kujilinda kwenye kona na faulo za pembeni, kwa mfano. Hapo kipa ana haki ya kusikilizwa, na hapo utawazoea mabeki na viungo, nao wakuzoee wewe ukiwapa maelekezo.

Kuhusu kushambulia, tafuta straika mstaafu mtaani kwako, mnunulie chai, akueleze. Mwulize alikuwa anaangalia nini kabla ya mpira kumfikia. Utashangaa.

Goti siwezi kulitibu kwa maandishi, wala mwalimu yeyote asikudanganye kwamba anaweza. Kama linavimba baada ya mazoezi, linakwama ukilikunja, au linakuachia ghafla ukitua kutoka kwenye krosi, nenda hospitali umwone daktari wa mifupa, usimalizie kwa kukandwa na wenzako. Na asije mtu akakuchoma sindano ya kutuliza maumivu ili udake Jumamosi bila kupimwa. Kocha anasimama saa tatu kwa siku na anapiga mamia ya mipira kwa wiki. Goti hilo utalihitaji miaka thelathini mingine. Daktari akikwambia acha kucheza, basi swali lako limejibiwa na mwenye haki ya kulijibu, na kozi uifuate kwa haraka zaidi.

Kuhusu kozi zenyewe usitegemee maneno ya kwenye simu. Nenda kwa miguu yako ofisi ya chama cha soka cha mkoa wako, uliza ratiba ya mafunzo, uliza wanataka nyaraka gani na malipo yanapitia wapi. Akitokea mtu wa kukuuzia cheti bila darasa, mwondokee.

Mechi yenu ijayo, kama utakuwa benchi tena, nenda na daftari dogo. Dakika kumi na tano za kwanza usimtazame kipa mwenzako kabisa. Mtazame beki wa pembeni aliye mbali na mpira. Kila mpira ukivuka kwenda upande wa pili, andika alikuwa hatua ngapi kutoka kwa beki wa kati, na straika wao alikuwa anaingilia wapi. Mapumziko yakifika usimwambie kocha lolote. Fanya hivyo mechi tatu. Ya nne, kama umeona kitu kile kile kinajirudia, mwendee kocha mazoezini, si siku ya mechi, umwonyeshe ukurasa.